Sihisi Kitu, Daktari

Asubuhi ile Daktari Saowapha hakugusa uji wake. Alikaa katika kile chumba chetu cha chai nyuma ya chumba cha upasuaji, akizungusha kijiko ndani ya bakuli mpaka uji ukaganda. Nilianza kupata wasiwasi, maana yule si mtu wa kuacha chakula.

"Daktari, unaumwa?" nikamuuliza.

"Jana nani alisema ndiyo, dada Bunruean?"

"Hakuna."

"Na juzi?"

"Juzi hakuna vilevile. Wote walisema hawaumii. Si ndiyo vizuri?"

Akasukuma bakuli pembeni. "Hapo ndipo panaponitisha," akasema.

Mimi ni nesi wa ganzi katika hospitali ya mkoa wetu, huku kaskazini karibu na Mto Mekong. Daktari Saowapha ni mkubwa wangu kazini, ingawa kwa umri mimi ni dada yake. Mwanamke akija kuzaa kwa kisu, sisi ndio tunaomchoma sindano ya mgongo. Mwili unakufa ganzi toka kifuani kwenda chini, naye anabaki macho, anamsikia mwanawe akilia. Ila dawa ile ikizidi, presha inaporomoka. Mwaka uliotangulia tulimpokea msichana mwembamba, mikono kama ya mtoto wa shule, na kipimo kile kile cha vitabuni kilimshusha presha mpaka mashine ikawa haisomi kitu. Tulimrudisha. Lakini Daktari Saowapha alitoka pale, akakaa sakafuni ukumbini na kanzu yake ya kijani.

"Vipimo hivi viliandikwa kwa wanawake wa nchi nyingine," akaniambia siku ile. "Wetu wanahitaji pungufu. Lakini pungufu kiasi gani?"

Ndipo alipomtafuta Mwalimu Anuson, mtu wa takwimu chuo kikuu, mzee mpole anayevaa soksi ndani ya makubazi. Mwalimu alituelewesha vizuri. Kila mwanamke, alisema, ana kiasi chake cha dawa kinachomtosha, na kiasi hicho kimejificha ndani yake. Huwezi kukiona wala kukipima. Unachoweza ni kumpa dawa fulani kisha umuulize: unaumia? Akisema hapana, unajua tu kwamba kiasi chake hakizidi ulichompa. Akisema ndiyo, unajua kinazidi. Basi, hujui zaidi ya hapo, na huwezi kumrudia, kwa sababu mtoto yule hazaliwi tena.

"Mmoja hakuambii kitu," akasema Mwalimu. "Ila nikusanyie ndiyo na hapana za wengi, nami nitakuchorea umbo lao wote. Wanaotosheka na kidogo ni wangapi, wanaotaka zaidi ni wangapi."

Na namna ya kukusanya ilikuwa kama kupanda na kushuka ngazi. Mama akisema haumii, anayefuata anapewa ngazi moja chini. Akisema anaumia, yeye anaongezewa dawa papo hapo kupitia mrija mwembamba tuliomwachia mgongoni, na anayefuata anapewa ngazi moja juu. Kamati ya hospitali ilikubali. Kila mama alielezwa siku moja kabla, akaridhia mwenyewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama Mwalimu alivyosema. Tulishuka, mtu akasema ndiyo, tukapanda. Tukashuka tena, tukapanda. Kisha chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya kikafungwa kwa ukarabati, wanawake wa vijijini wakaanza kuletwa kwetu, na tangu hapo tukawa tunashuka tu. Mama baada ya mama: hapana, hapana, hapana. Mimi ndiye niliyevuta dawa kwenye bomba la sindano, na kila siku niliiona ikipungua. Sasa ilikuwa kidogo kiasi kwamba ningeona haya kumwonyesha mwalimu wangu wa zamani.

Mwalimu Anuson alipopigiwa simu alisema hata sarafu inaweza kuangukia upande mmoja mara nyingi. Kisha akaongeza, "Ila mimi ingekuwa yangu, ningeigeuza niitazame."

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika alipoletwa Kanha.

Kanha nilimjua. Ana saluni ndogo mkabala na soko la samaki kijijini kwa mama yangu, na nywele zangu hazijawahi kuguswa na mkono mwingine. Ni mwanamke wa maneno. Mteja akiingia amenuna, atatoka akicheka. Mtoto wake alikuwa ametanguliza matako na hakukubali kugeuka, kwa hiyo alipangiwa kisu. Nilimweleza mwenyewe kuhusu utafiti, akatia saini huku akinitania.

"Kwa hiyo mimi ni panya wenu, dada?"

"Panya gani ana tumbo kubwa namna hiyo?"

"Aa, panya aliyekula vizuri. Nikifa, mwambie mume wangu asithubutu kuuza kiti changu cha saluni. Nitamtokea chooni."

"Nyamaza, mdomo kasuku wewe. Hufi."

Asubuhi ya upasuaji tulipomsukuma kwenye kitanda, mama yake, Mama Thongyot, alitusindikiza mpaka mlangoni na kikapu chake cha wali wa kunata mkononi. Alimfunga bintiye uzi mweupe wa baraka kwenye kifundo cha mkono, akamwinamia. "Usiwasumbue madaktari, mwanangu," akamwambia. "Wamesoma hao. Watakachokwambia, itikia."

Kanha akanikonyeza.

Ndani, Daktari Saowapha alichukua bomba nililomwandalia, akaliinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa chini kuliko siku zote.

"Nipandishe?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu alisema tukianza kubadilisha kwa hofu, kazi yote imeharibika."

"Najua alichosema." Akaliteremsha bomba, jasho limemtoka juu ya barakoa. "Vuta bomba la pili, lijae. Liweke hapa karibu na mkono wangu."

Nikavuta. Akachoma.

Kanha alilala, miguu ikaanza kuwa mizito, naye akaendelea na maneno. Alimwambia Daktari Phichet, mpasuaji wetu, kwamba kofia ile haimpendezi na kwamba akija saluni atampunguzia masikio. Daktari Phichet, ambaye hacheki mpaka saa ya chakula, alicheka. Kisha Daktari Saowapha akachukua kibanio cha chuma, akambana ngozi ya tumbo pale ambapo kisu kingepita. Alibana kwa nguvu, kama tulivyowabana wote.

"Unaumia, Kanha?"

"Hapana, Daktari. Sihisi kitu."

Nikashtuka, na kwa muda sikujua kwa nini. Baadaye nilielewa: ilikuwa ile sauti. Haikuwa ya Kanha. Ilikuwa sauti ya binti mbele ya mwalimu mkuu, na maneno yalikuwa yale yale waliyoyasema wenzake wote, kama wamefundishwa darasa moja.

"Tunaanza," akasema Daktari Phichet.

Kanha hakutania tena. Nilikuwa upande wa kichwa chake. Alikuwa anatazama taa kubwa ya juu bila kupepesa macho, na midomo ameikaza. Mashine ya moyo, iliyokuwa ikilia polepole, ikaanza kwenda haraka. Ikazidi. Nilimshika mkono, naye akaushika wangu akaukamua mpaka pete yangu ikanikata kidole.

"Kaka Phichet, simama," akasema Daktari Saowapha.

"Nini?"

"Simama. Usikate."

"Mdogo wangu, mama amesema haumii. Umemuuliza mwenyewe, sote tumesikia."

"Nimesema simama!"

Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti mkubwa wake, maisha yote. Daktari Phichet akafunika jeraha kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja, mikono ameinua mbele ya kifua kama mtu anayetekwa na majambazi.

Daktari Saowapha akapiga magoti kando ya kichwa cha Kanha, uso kwa uso. "Nitazame," akamwambia. Hakutumia lugha ya Bangkok tunayoitumia kazini. Alisema kwa lugha ya nyumbani, ya huku kwetu, ambayo nilikuwa sijui kama bado anaijua. "Ni kama nini, huko chini?"

"Si kitu, Daktari. Endeleeni tu."

"Sikuulizi kama tuendelee. Ni kama nini?"

Machozi yalimtoka Kanha yakaingia masikioni. "Kama mtu anachana nguo," akasema. "Na nguo ni mimi. Lakini navumilia, Daktari, kweli naweza. Mama yangu alizaa watano bila dawa. Nyote mmekuwa wema kwangu. Dada Bunruean alisema kazi hii itasaidia wenzetu watakaokuja. Sikutaka iharibike kwa ajili yangu."

Daktari Saowapha alinyoosha mkono na bomba la pili lilikuwa tayari ndani yake, sikumbuki kumpa. Akaisukuma dawa yote kwenye mrija. Halafu tukangoja. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko yote. Dawa inakwenda kwa mwendo wake, haiharakishwi, na mtoto ndani yuko na moyo wake mdogo tunaousikia ukigonga kwenye mashine ya pili, nasi sote tunausikiliza kana kwamba ungesita wakati wowote. Daktari Phichet alisema kitu kuhusu damu. Daktari Saowapha alikuwa anamgusa Kanha kwa kipande cha barafu, mbavuni, kitovuni, chini ya kitovu, kila mara akiuliza, "Hapa? Ni baridi au ni mguso tu?" na Kanha akisema, "Baridi bado... baridi... hapo ni kama mkono tu."

"Rudia."

"Mkono tu."

"Rudia, Kanha."

"Mkono, Daktari. Sasa hivi ni kweli. Ningesema uongo ningekuwa nalia, si unaona silii?"

Na kweli sauti ilikuwa imerudi kuwa yake.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka matako mbele, amekunjika kama kiti cha kukunja, akalia kabla hata hajafutwa uso. Kanha akauliza kama ana nywele. Nikamwambia anazo, nyingi. "Vizuri," akasema, "mteja," kisha akalala usingizi.

Daktari Saowapha hakwenda kula mchana. Alivua glavu, akasimama mbele ya sinki maji yakimwagika bure.

"Wangapi, dada?" akaniuliza. "Wangapi walituambia hivyo?"

Kadhaa walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani, vijijini, wengine ng'ambo ya vilima. Wachache walikuwa bado wodini. Alikwenda mwenyewe jioni ile, kitanda hadi kitanda, akawauliza kwa upole: nilipokuuliza siku ile, ulikuwa unaumia? Wote wakaunganisha viganja mbele ya uso wakamwinamia. Hapana, Daktari. Asante sana, Daktari. Tulihudumiwa vizuri. Mmoja akampa machungwa.

Alirudi na machungwa yale ameyakumbatia, uso umemwiva. "Hawataniambia," akasema. "Hata nikilala mlangoni kwao, hawataniambia mimi."

Aliyeambiwa ni Kanha. Siku ya pili alianza kutembea, ameinama, mkono mmoja tumboni, na mahali palipo na wanawake na supu ya tangawizi yeye hawezi kukaa kimya. Aliketi kitandani kwa huyu, akachana nywele za yule, akawasimulia jinsi alivyomdanganya daktari na daktari akamfuma. Wakacheka mpaka wakashika mishono yao. Kisha wakaanza kusema, mmoja mmoja. Mmoja kweli hakuhisi kitu, alisinzia. Mwingine alihisi kidogo mwanzoni, kama kuungua, akadhani ndivyo inavyokuwa. Wa tatu alisema aliumia sana mwishoni, lakini wakati huo mtoto alikwisha lia, angelalamika nini tena?

Na kulikuwa na Duangta. Alikuwa msichana mdogo, mtoto wake wa kwanza, amebakizwa wodini kwa kuwa mtoto alikuwa na ugonjwa wa manjano na alihitaji kuwekwa kwenye taa. Yeye hakucheka na wenzake. Aliwaacha wanyamaze, ndipo akamwambia Kanha sikioni kwamba alihisi kila kitu. Tangu siku ile akifumba macho kulala anasikia mkasi. Kwa hiyo halali.

Kanha alinitumia mtu aniite. Mimi nikamwambia Daktari Saowapha.

Alikwenda peke yake, lakini mimi nilimfuata nikasimama nyuma ya pazia, sikuweza kujizuia. Alikaa chini kwenye kigoda cha wageni, akiwa chini kuliko kitanda. "Duangta," akasema, "nimekuja kukuomba radhi."

Msichana yule akaruka kama amechomwa. Akashuka kitandani na mishono yake, akapiga magoti sakafuni ili asiwe juu ya daktari. "Hapana, Daktari! Mimi ndiye niombe radhi. Niliwadanganya. Waliniambia ni utafiti mkubwa. Nisamehe, Daktari, sikujua kama uongo wangu utaleta shida."

"Inuka, mdogo wangu. Tafadhali."

"Nilidhani nikisema naumia mtasimamisha kisu, na mtoto atakufa."

"Hakuna aliyekwambia tutakuongezea dawa?"

"Aliniambia nesi." Akanitaja, bila kujua kwamba niko nyuma ya pazia. "Lakini nilisahau, Daktari. Mle ndani nilisahau kila kitu."

Wakabaki wote wawili sakafuni, kila mmoja akimbembeleza mwenzake ainuke. Niliondoka. Sikuweza kutazama.

Usiku alimpigia simu Mwalimu Anuson na kuiweka sauti juu nami nisikie. Alimweleza yote.

"Mimi naletewa ndiyo na hapana," mzee akasema. "Nikipewa hapana, naiamini. Hesabu yangu haina mahali pa kuweka haya ya mtu."

"Huwezi kuzisafisha? Kuna ambao tunajua walidanganya."

"Na wale waliokwenda nyumbani?"

"Hao sijui."

"Basi na mimi sijui. Ningejua ni wangapi husema uongo, na kama ni wakati dawa imepungua tu au wakati wote, ningekuwa na pa kushika. Kwa majibu uliyo nayo, binti yangu, umbo nitakalokuchorea si la maumivu yao. Ni la adabu yao." Akakohoa. "Nisamehe. Ilinipasa kuliwaza jambo hili mapema. Hata mimi daktari wa meno akiniuliza, nasema siumii."

Asubuhi Daktari Saowapha aliandika kusimamisha utafiti, akaipelekea kamati barua yenye jina lake peke yake. Walimwita. Alikaa mle ndani mpaka chai ikapoa mara mbili. Walimkaripia, ndiyo, na wengine walitaka mambo yaishie hapo pasipo kelele, wakimwambia hakuna aliyekufa. Yeye alikataa. Alitaka kila mama aliyekwenda nyumbani atafutwe na aulizwe, na aulizwe na mtu ambaye si daktari. Walitumwa wahudumu wa afya wa vijijini. Majibu mengine yalikuja, mengine hayakuja. Duangta alipatiwa mtu wa kuzungumza naye, akaanza kulala kidogo. Ila anapomleta mtoto kuchanjwa huzunguka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na Daktari Saowapha, na Daktari Saowapha anajua, naye siku za chanjo hapiti upande ule.

Kazi ilianza upya baada ya mvua, kwa ruhusa mpya. Tulianzia juu, kwenye kipimo cha zamani. Ndugu wa mama sasa huketi kando ya kichwa chake, na ndiye anayeuliza, kwa lugha ya nyumbani. Na swali tulilibadilisha. Daktari Saowapha ndiye aliyeliwaza, akinung'unika peke yake kwa wiki nzima. Hatuulizi tena kama unaumia. Bomba la pili linaonyeshwa, limejaa, na ndugu anasema: dawa yako ya kuongeza imekwisha andaliwa, waitie sasa au wangoje? Mwenye haya ataona vibaya kuikataa. Adabu yake, ikimshinda, imwangushe upande wa salama.

Tulishuka ngazi kidogo kidogo, na kila siku Daktari Saowapha alikuwa anakuja na macho mekundu. Bado hakuamini. Kila tuliposikia "wangoje", alikodolea macho mashine ya moyo, akagusa kwa barafu, akauliza tena kwa njia nyingine, mpaka Daktari Phichet akawa anamwambia, "Mdogo wangu, utamchosha mama wa watu."

Kisha akaletwa mwuza samaki mmoja, Lamduan, mwanamke mnene kidogo, mtoto wake wa tatu, dada yake ameketi kando ya kichwa chake. Ngazi ilikuwa imeshuka kufikia mahali ambapo, kwa wale wa mwanzo, tuliwahi kupata ndiyo. Daktari Saowapha akabana kwa kibanio. Dada mtu akafungua mdomo kuuliza lile swali letu jipya la adabu.

"Wee!" akapiga kelele Lamduan. "Inauma hiyo! Mnanibana kama kaa!"

Daktari Saowapha akaanza kuitia dawa kwenye mrija. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Asante," akamwambia. "Asante sana, mama."

Lamduan akamgeukia dada yake, amekunja uso. "Asante ya nini huyu? Mwambie aongeze dawa!"